King'ora Tulichokiita Mama Mkwe

Kiwanda cha maziwa nilichofanyia kazi kilikuwa upande wa chini wa Waiyaki Way, ukishapita Mountain View na kabla hujafika Kinoo. Kwa nje kilionekana kama ghala la mahindi. Ndani kulikuwa na baridi iliyotengenezwa na mashine mbili kubwa, zilizokaa katika chumba chao cha nyuma zikisukuma amonia kwenye mabomba hadi chumba cha kuhifadhi maziwa. Sisi tuliosafisha kreti hatukusema amonia. Tulisema gesi. Tulijua inanuka kama mkojo uliolala, inachoma macho, na ikitoka nyingi kwa pamoja mtu hapati nafasi ya kuvuta pumzi ya pili.

Mwendesha mashine hizo alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama. Ndiye aliyeniombea kazi nilipomaliza darasa la nane na ikawa wazi kwamba sekondari haitawezekana. Aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na alipopita karibu na birika letu la kuoshea alikuwa akisema, "Mama, umekula?" Wenzangu walicheka kumwona mtu mzima mwenye mvi akimwamkia hivyo msichana anayeogopa hata kuomba sabuni. Nilijibu kwa kutikisa kichwa. Wakati ule nilikuwa najibu karibu kila kitu kwa kutikisa kichwa.

Juu ya mlango wa chumba cha mashine palikuwa na king'ora kimoja. Kililia gesi ikivuja. Kililia pia mlango wa chumba cha baridi ukiachwa wazi, stima ikipungua nguvu, na sakafu ikioshwa kwa maji ya moto hadi mvuke ukapanda kufika kwenye kifaa cha kunusa gesi. Sauti ilikuwa ile ile kwa mambo yote. Chini yake palikuwa na ubao wenye taa ndogo za kuonyesha ni jambo gani hasa, lakini taa kadhaa zilikuwa zimeungua. Na palikuwa na kitufe cha kijani. Mashine ya pembeni ilichapa kwenye karatasi nyembamba, kama ya risiti ya supamaketi, ni kitu gani kimelia; ukibonyeza kitufe, kelele ilikatika, nayo ikaongeza kwamba kimejibiwa.

Kwa sababu kililia mchana kutwa kwa malalamiko ya kila aina, watu walikiita Mama Mkwe. Sijui nani alianza. Niliposhika kazi jina lilikuwa limeshazoeleka.

"Leo ameamka na nini?" angeuliza mama wa Kangemi niliyekuwa nikiosha naye kreti.

"Ameona mlango wazi," angejibu mtu.

"Mwambieni mbuzi za mahari ziko njiani, anyamaze."

Mjomba angenyoosha mkono bila kusimama kitini, abonyeze kitufe, na aseme kwa heshima kabisa, "Ndiyo, mama." Tungecheka wote. Hata meneja alicheka. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi tangu wakati huo, na bado naona kilikuwa kicheko cha watu wazuri.

Ajali ilitokea mchana. Asubuhi yote tulikuwa tumeosha sakafu kwa sababu wenye kiwanda walitarajiwa kuja na wageni. Maji ya moto yalimwagwa kila mahali, mvuke ukajaa, na Mama Mkwe hakupumzika. Fundi wa mashine, kijana wa Kinoo aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani, aliingia nyuma ya mashine ya pili kukaza vali. Mjomba alikuwa kitini pake mlangoni akisoma mita. King'ora kikalia. Akajibu. Kikalia tena. Akajibu. Kikalia tena, na mkono wake ulikuwa bado uko kwenye kitufe wakati fundi alipotokea akitambaa, viganja vyote viwili vikiwa usoni.

Mjomba alimvuta kwa mabega hadi uani. Mimi nilishika mpira wa maji, kwa kuwa ndio uliokuwa mkononi mwangu tangu mwanzo. "Machoni," mjomba aliniambia. "Machoni, Mama, usiache." Sikuacha. Fundi hakupiga kelele. Alikuwa akikohoa na kujaribu kufungua macho, na kila alipoyafungua aliyafunga tena. Watu wengine walikuwa wamekimbilia barabarani na kofia zao nyeupe, na wenye magari walipunguza mwendo kututazama.

Alipona kifua. Macho hayakupona vizuri. Tulipomtembelea hospitalini alisema anaona dirisha liko wapi, na kwamba hakumbuki chochote baada ya kuinama na spana. Mke wake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akinyonyesha, na hakutuangalia.

Baada ya hapo akaja injinia kutoka mjini. Wenye kiwanda walimwita kwa sababu walilazimika. Alikuwa mama wa Kihindi mwenye miwani na viatu vya raba, mzaliwa wa Ngara, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile chetu. Tulidhani ataanza na siku ya ajali. Badala yake aliuliza karatasi za king'ora ziko wapi.

"Zipi, madam?" meneja aliuliza.

"Zote. Za miezi yote mliyoweka."

Zilikuwa kwenye gunia stoo. Si zote, maana mama wa chai alikuwa amezoea kuchukua vipande vya kuwashia jiko. Nyingine zilikuwa zimefifia hadi maandishi yakawa kama chai iliyoongezwa maji. Injinia alizikunjua juu ya kreti iliyopinduliwa akasema, "Ajali ni siku moja tu. Mimi nataka kujua hizi siku zingine mlikuwa mnaishi aje."

Alihitaji mtu wa kunakili mistari ile kabla haijapotea kabisa. Mashine ya kutoa nakala ilitoa weusi mtupu, na karani wa ofisi alikuwa akiruka mistari inayofanana. Meneja akanionyesha kwa kidevu.

"Chukua huyu. Mwandiko wake unasomeka. Na vile yuko slo, kreti hazitajua ameenda."

Wenzangu walicheka. Na mimi nilitabasamu, kwa kuwa kweli nilifanya kazi polepole.

Basi kwa muda fulani nilikuwa nikienda mjini kila asubuhi, kwenye jengo la ghorofa karibu na barabara ya Tom Mboya, ambako injinia alikuwa na chumba kimoja kinachoangalia ukuta wa jengo lingine. Sikuwahi kupanda lifti kabla ya hapo, na nilipanda ngazi siku zote kwa kuogopa kuuliza inavyotumiwa. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Nilinyoosha karatasi kwa rula, nikasoma mstari, nikauandika kwenye safu yake. Mlango. Mlango. Mvuke. Stima. Mlango. Mvuke. Mvuke. Kila mmoja na jibu lake chini: kimejibiwa, kimejibiwa. Injinia naye alikuwa akichukua kurasa zangu na kuzipanga kwa aina, akipiga vijistari kwa penseli, na rundo la mlango na mvuke likawa refu kiasi kwamba alicheka peke yake. Hakikuwa kicheko cha furaha.

"Unajua kitu kikilia na hakuna mtu anatakiwa kufanya chochote, hiyo ni nini?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa.

"Ni kelele. King'ora ni kile kinakuambia simama, enda pale, fanya hivi. Hizi zingine zote ni kelele, na mmekaa ndani yake mpaka masikio yamechoka. Hakuna binadamu angesikia ile moja."

Nilipenda kumsikia akisema vile. Kiwandani mambo yalikuwa yakisemwa kwa namna nyingine. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba mjomba ataondoka, na huenda akapelekwa polisi, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza na hakusikiliza. Alikuwa na watoto watatu shuleni Mutuini, na hakuna kazi nyingine aliyoijua. Wakati uchunguzi ukiendelea aliambiwa akae nyumbani. Kila kitu chake kilingoja rundo lile la karatasi.

Siku nilipokaribia karatasi ya siku ya ajali injinia aliniuliza, "Kuna mtu wako kule ndani?"

"Mjomba."

"Yule wa mashine?"

Niliitikia kwa kichwa. Alivua miwani, akaifuta.

"Ukifika hapo usiandike. Niite mimi."

Nilimwita. Alikaa kwenye kiti changu akaandika mwenyewe, nami nikasimama dirishani nikitazama ule ukuta. Lakini nilikuwa nimeshaiona. Mvuke, kimejibiwa. Mvuke, kimejibiwa. Gesi, kimejibiwa. Gesi, kimejibiwa. Gesi. Neno lilikuwa na wino ule ule na urefu karibu sawa na mengine. Kama ningekuwa nanakili kwa haraka ningelipita.

Jumapili iliyofuata meneja alikuja kwetu Mutuini. Sisi tuliishi kiwanja kimoja na mjomba, nyumba ya mama yangu ikiwa huku na yake kule, na katikati zizi la ng'ombe mmoja. Mama alinituma nimpelekee mgeni chai. Walikuwa wamekaa nje kwenye stuli, na mjomba alikuwa akinoa panga la kukatia majani ya ng'ombe.

"Mzee, sikiza," meneja alikuwa akisema. "Mimi sijaja kwa ubaya. Ile karatasi inasema kimejibiwa. Haisemi nani amejibu. Haijui kidole."

Mjomba aliendelea kunoa.

"Mlikuwa wawili pale. Yule kijana hakumbuki kitu. Mtu akisema ni huyo kijana alibonyeza ndio aendelee na kazi yake bila kelele, nani atabisha?"

"Na fidia yake?" mjomba aliuliza.

Meneja alipuliza chai. "Hiyo ni maneno ya bima. Wakiona amejiletea mwenyewe, watapunguza. Watapunguza tu. Lakini wewe una watoto watatu, mzee. Yeye ako na mmoja."

Nilitua sinia chini na sikuondoka. Sijui kwa nini, maana desturi yangu ilikuwa kuondoka haraka. Mjomba alipitisha kidole gumba kwenye makali ya panga.

"Kunywa chai," alimwambia. "Inapoa."

Meneja alipokwenda zake, mke wa mjomba alitoka ndani. Alikuwa amesikia kila kitu. "Baba," alimwambia mumewe, "si useme tu hujui? Useme hukumbuki, basi. Hata yule kijana hakumbuki. Mkiwa wawili hamkumbuki hakuna kesi."

"Mimi nakumbuka," alisema mjomba.

"Nani amekuuliza kama unakumbuka?"

Jioni ile mjomba alikata majani mengi kuliko ng'ombe mmoja angeweza kula.

Injinia alitaka kuzungumza na wote waliowahi kushika zamu ya mashine, mmoja mmoja. Kabla hajaanza alitukusanya uani akatuambia kwamba hatafuti mwenye makosa. Anatafuta kwa nini. Akasema hakuna mtu atafukuzwa kwa kusema ukweli mbele yake. Nilimwamini, na nadhani hata yeye aliamini alichosema. Alitaka kuongea na watu bila wakubwa, lakini meneja alisisitiza kukaa ndani, na kiti chake kilikuwa tayari. Mimi nilikaa pembeni ya meza kuandika majibu.

Mjomba aliingia amevaa koti lake la kanisani. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono.

"Mzee," injinia alianza, "sihitaji jina la mtu. Nataka tu uniambie, king'ora kikilia siku ile, mtu aliyekaa pale angekuwa anafikiria nini?"

Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Hata mimi niliuona. Meneja naye aliuona, akaegemea kiti.

"Sio mtu," mjomba alisema. "Ni mimi. Yule kijana alikuwa nyuma ya mashine, mkono wake haungefika. Kidole kilikuwa changu."

Kalamu yangu ilisimama.

"Sawa," injinia alisema polepole. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafikiria ni nini?"

"Mvuke. Asubuhi yote ilikuwa mvuke. Nikajibu ya kwanza, nikajibu ya pili. Hata sikuangalia."

"Kwa nini hukuangalia taa?"

"Taa ya gesi iliungua mwaka juzi. Nilisema."

"Ulisema kwa nani?" meneja aliuliza.

"Kwako."

Nje wenzangu walikuwa wakirusha kreti juu ya lori, na kila moja ilisikika ikitua. Meneja alinigeukia. "Si lazima uandike kila neno."

"Andika kila neno," injinia alisema.

Niliandika. Ilinichukua muda, na wote watatu walikaa wakingoja nimalize, wakitazama mkono wangu. Niliandika kidole kilikuwa changu, na nikaandika kwako. Mjomba alipotoka alipita karibu nami na kwa mara ya kwanza hakuniuliza kama nimekula.

Ripoti ilipotoka, injinia alikuwa ametumia jibu lile kama msingi wa mambo mengi. Mtu wa mashine anasikia, anadhani anajua, anajibu bila kuangalia: hapo ndipo alipoanzia. Mlango wa chumba cha baridi ukapewa kengele yake ndogo, ya kuita aliye karibu aufunge. Kifaa cha kunusa gesi kikahamishwa mbali na mvuke, na sakafu ikaoshwa kwa maji baridi. Stima ikawa na taa bila sauti. Gesi peke yake ikabaki na king'ora, tena cha sauti nyingine kabisa, kisichonyamaza kwa kubonyezwa na mtu aliyekaa. Taa zikawa zinajaribiwa kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Kila mwisho wa mwezi mistari ilisomwa upya, na kilichokuwa kikilia bila sababu kilitafutiwa dawa.

Mwanzoni kimya kilitusumbua. Mama wa Kangemi alisema kiwanda kimekuwa kama nyumba yenye matanga. Hakuna aliyekipa king'ora kipya jina.

Fundi alilipwa fidia yake nzima. Mjomba alipewa barua isiyosema kwamba alikosa. Ilisema tu kwamba katika mpangilio mpya nafasi yake haipo, na ikamshukuru kwa miaka yake. Baada ya wiki kadhaa aliajiriwa kijana mwenye cheti, akakaa palepale mlangoni, kwenye kiti kingine.

Injinia alinisubiri getini siku aliyomaliza kazi yake. Alikuwa na mkoba wa karatasi begani.

"Nilisema mbele yenu wote hakuna mtu atafukuzwa," aliniambia. "Ile ahadi haikuwa yangu kuitoa. Mwambie mjomba hivyo."

"Nitamwambia."

"Mwambie pia bila yeye ningebaki na karatasi tu."

Nilimwambia yote mawili. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa habari za majirani.

Miezi ikapita. Mchana mmoja king'ora kipya kililia, na sote tukajua ni nini, kwa kuwa hakikuwa na kazi nyingine. Mama wa Kangemi aliacha kreti ikielea majini akanishika mkono. Yule kijana wa mashine alitoka mbio, akafunga vali ya nje kama alivyofundishwa, na tulipofika kwenye nyasi karibu na uzio tulihesabiana tukawa tumetimia. Ilikuwa vali iliyochoka. Gesi ilinuka kidogo, ikapeperuka. Tulikaa pale, na wengine wakaanza kucheka kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

Jioni nilimkuta mjomba akimlisha ng'ombe. Nikamweleza.

"Nani alikuwa kwa mashine?"

"Yule kijana."

"Alitoka?"

"Alitoka. Wote walitoka."

"Hakuna mtu aliumia?"

"Hakuna."

Aliweka majani yaliyobaki ndani ya hori, akayatawanya kwa mkono. Alikuwa amekonda. Siku hizo alikuwa akivunja mawe ya ujenzi karibu na nyumba mpya za kupangisha zilizokuwa zikijengwa kila upande wa kijiji, kazi ya vijana, na mtoto wake mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo.

"Mama," alisema bila kunigeukia. "Uliza kama wanataka mtu. Si lazima mashine. Hata kuosha kreti."

Nilikuwa sijawahi kuingia ofisi ya meneja kwa hiari yangu. Kesho yake niliingia. Nilisimama mbele ya meza, na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Mutuini yakatoka yote, moja baada ya jingine, kwa sauti iliyonishangaza. Meneja alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika.

"Mjomba wako ni mtu mzuri," alisema. "Lakini mimi siwezi kukaa na yeye kila siku. Unaelewa? Siwezi."

Nilielewa. Nilirudi kwenye kreti, nikaosha hadi jioni, kisha nikaenda nyumbani. Mjomba alikuwa amekaa kwenye stuli nje akinawa vumbi la mawe miguuni. Aliponiona hakuuliza.

"Wamesema hapana, mjomba."

"Haya," alisema.

Akaendelea kunawa. Alinawa mguu mmoja, akahamia wa pili, akatoa kila chembe ya vumbi katikati ya vidole. Nilichota maji mengine nikamletea, kwa kuwa yale ya kwanza yalikuwa yamegeuka meupe.